Tofali la Nne

Siku ya tatu baada ya maji kuondoka, magodoro yote ya mtaa yalikuwa nje. Yameegemezwa kwenye kuta, yametupwa juu ya mapaa ya mabati, yamelazwa juu ya mawe, yanachuruzika maji ya rangi ya chai ya maziwa. Na katika yote hayo hakuna hata moja lililoletwa kwa Fundi.

Alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chake tangu asubuhi, shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, uzi umeshatungwa. Mbele yake alikuwa ametandaza turubai, kama alivyolitandaza baada ya kila mafuriko kwa miaka ishirini na mitatu. Miaka mingine, ikifika siku ya tatu turubai lenyewe halionekani. Watu waligombania zamu, na Mama Pacha, jirani wa upande wa kushoto, alizoea kulibwaga godoro lake juu ya mengine yote akidai kwamba yeye ana watoto wawili wa mpigo, kwa hiyo aruhusiwe kuruka foleni mara mbili.

Leo Mama Pacha alipita na godoro kichwani. Maji yalimtiririka mgongoni mpaka kwenye visigino. Alipofika usawa wa turubai alikaza shingo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali, akaenda kulianika mwenyewe kwenye uzio. Kulianika bila kulifumua ni kazi bure, na yeye alilijua hilo: sponji hukauka juu ikabaki mbichi ndani, baada ya wiki inanuka, baada ya mwezi watoto wanakohoa. Fundi alifungua mdomo amwambie alipasue ubavuni walau lipitishe upepo. Akaufunga.

Upande wa pili wa uchochoro, hatua nane kutoka kwenye turubai, palikuwa na kibanda cha Kinyozi. Tangu mke wa Fundi afariki, miaka minne iliyopita, wawili hao walicheza drafti kila mchana kwa vifuniko vya soda, wakitukanana kama ndugu. Sasa Kinyozi alikuwa amekigeuza kiti chake. Wateja walinyolewa wakiwa wameuelekea ukuta wa nyuma, mahali pasipo na mwanga, mradi tu yeye akinyoa ampe Fundi mgongo. Wateja wawili walishatoka na ndevu za upande mmoja. Hakuna aliyecheka.

Fundi aligeuka akatazama ukuta wa chumba chake. Ulikuwa wa matofali matupu, kama kuta zote za mtaa ule, haujawahi kuonja lipu. Mstari wa tope jipya ulikuwa umeuzunguka wote, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Alihesabu kutoka sakafuni, ingawa hakuwa na haja ya kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Hapo ndipo maji yaliposimama. Tofali la nne lilikuwa kavu, jekundu, halina hata tone.

Hilo la nne ndilo lililokuwa likimtafuna.

Habari yenyewe ilianza kiangazi kilichopita, alipokuja afisa wa halmashauri aliyevaa buti za mpira siku ambayo hapakuwa na tope. Mtaa ulimpa jina siku hiyo hiyo: Binti Vibandiko, kwa sababu alibeba karatasi za vibandiko vya duara, vyekundu na vya kijani, kama za watoto wa chekechea. Alikuja na mpango wa mji wa kustahimili mabadiliko ya tabianchi, mpango shirikishi, wenye jina refu kiasi kwamba Kinyozi alisema mtu anaweza kunyolewa mashavu yote mawili kabla halijafika mwisho. Lakini Binti hakuwa mtu mbaya. Baadaye, watu walipotafuta pa kuziweka hasira zao, hilo liliwapa taabu sana. Alikunywa maji kwa vikombe vyao. Alikaa chini. Aliwaambia kwamba kwa miaka thelathini mji umechorwa na watu wasiowahi kukanyaga huku, na kwamba safari hii ramani wataichora wao.

Fundi alimwamini. Hakuna aliyewahi kumuuliza jambo lolote zaidi ya lini godoro litakuwa tayari.

Binti alitaka kujua maji hufika wapi. Watu wakamwonyesha kwa mikono: hapa gotini, hapa kiunoni, hapa shingoni kwa mtoto. Yeye akatabasamu, akasema anahitaji namba. Ndipo Fundi alipofungua kinywa chake. Alimwambia ahesabu matofali. Kuta zetu hazina lipu, alisema, tofali ni lile lile nyumba zote, na maji yakiondoka yanaacha mstari. Binti akatoa utepe, akapima tofali moja pamoja na udongo wa kuungia: sentimita kumi na tano. Uso wake ukachanua. Na ule mstari ukishafutika? Fundi akasema hata ukifutika, yeye anajua, maana magodoro ya nyumba zote yamepita mikononi mwake, na godoro huonyesha ubavuni maji yalipoishia. Kuanzia hapo akawa mtaalamu wa jamii. Aliandikwa hivyo. Wakatembea pamoja siku mbili, nyumba kwa nyumba, yeye mbele.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Pacha. Maji yake yalifika tofali la tatu, jambo ambalo hata mapacha walilijua. Mama Pacha alizitazama buti, akazitazama karatasi, akasema la nne.

Fundi akamwangalia. Mama Pacha naye akamwangalia.

Mtaa ulikuwa na sababu zake. Mafuriko ya nyuma kulikuja mablanketi ya msaada, na mgawaji alipouliza, waliosema maji yamewafika gotini waliambiwa wao wanajimudu. Waliosema kifuani walibeba mablanketi. Tangu hapo kila mtu alishika somo: shida ikitajwa kwa kipimo chake haionekani. Unaiongezea kidogo, si sana, kiasi cha kumfanya mwenye kalamu ainue kichwa.

"Ni la nne, Fundi?" Binti aliuliza.

"La nne," Fundi alisema.

Baada ya hapo angefanyaje? Nyumba ya pili ilikuwa imesikia, ya tatu ilikuwa imesikia. Hawakuwa na tamaa, waliongeza tofali moja moja tu. Kinyozi peke yake alitaja la tano, Fundi akakohoa, Kinyozi akasema samahani, alikuwa amehesabu na kizingiti. Jioni ya siku ya pili nyumba thelathini na saba zilikuwa zimebandikwa kibandiko chekundu kwenye ramani, kila mwenye nyumba akikibandika kwa kidole chake, na Fundi akitia sahihi pembeni kuwa ameshuhudia. Ya thelathini na nane ilikuwa yake. Binti akamuuliza, na kwako? Alikitazama chumba chake. Angewezaje kuwa mtu pekee wa mtaa mzima ambaye maji yalimhurumia? Watu wangesema anajitenga. Akasema la nne.

Kulikuwa na jambo moja alilolisema siku hiyo ambalo lilikuwa kweli tupu. Upande wa pili wa mto kulikuwa na maghala, ofisi ya vioo na ukuta mrefu. Huko, alimwambia Binti, maji hufika zaidi ya huku, maana ardhi ni ya chini. Aliwahi kushona upya godoro la mlinzi wa maghala lililokuwa na tope hadi upande wa juu, na mlinzi huyo hulala juu ya kitanda. Binti akasikiliza, kisha akakunja midomo kwa masikitiko. Utaratibu, alisema, ni kwamba kila mtu anasemea kwake. Wenyewe walialikwa mara tatu, hawakuja. Kwa hiyo kwenye ramani ng'ambo ikabaki nyeupe, bila kibandiko.

Miezi mitano baadaye zikaja barua. Zilisema kwamba, kwa kuzingatia taarifa zilizotolewa na wananchi wenyewe, kila nyumba ambayo maji huizidi sentimita hamsini ni eneo hatarishi, nayo itaondolewa kupisha ukanda wa kijani wa mji. Ng'ambo iliandikwa kuwa eneo lisilo na taarifa za mafuriko, na uendelezaji wake uendelee. Kinyozi alipiga hesabu kwa kidole kwenye kioo chake, kwa povu la sabuni. Matofali manne, sitini. Matofali matatu, arobaini na tano. Alisimama akiitazama ile arobaini na tano mpaka povu likateremka lote.

Mtaa ulikutana kibandani kwake jioni ile ile. Fundi alipewa kigoda katikati, jambo ambalo halikuwa heshima. Walisema yeye ndiye aliyeleta habari ya matofali. Wangeendelea kuonyesha kwa mikono, Kinyozi alisema, mkono wa nani una sentimita? Fundi akajitetea kwamba yeye hakumwambia mtu aongeze. Mama Pacha akasema:

"Ungesema si kweli."

"Pale mlangoni pako? Mbele ya mgeni? Ungenisamehe, mama?"

Mama Pacha alifikiri. Alikuwa mtu wa haki hata akikasirika.

"Nisingekusamehe," alisema. "Lakini ningekuwa na nyumba."

Wakakata shauri. Kungekuwa na kikao cha mwisho cha kuupitisha mpango, na barua ilimwalika kila mtu. Hakuna atakayekwenda. Wale wa ng'ambo hawakwenda, hawakusema neno, na hakuna aliyewagusa. Sisi tuliosema ndio tunavunjiwa. Basi na sisi tufunge midomo. Fundi aliiona hekima ya maneno hayo, tena aliiona vizuri, lakini akasema labda yeye aende awaambie watoe tofali moja kila nyumba. Hapo Kinyozi akamkatiza. Alisema akienda kusema hivyo amewaita wote waongo mbele ya serikali. Kesho mafuriko yakija hakuna atakayeaminiwa hata akielea. Aende akitaka, lakini akienda, mtaa huu asiuhesabu tena kuwa wake.

Tangu siku hiyo hawakumsemesha. Kisha mvua zikaja, maji yakaingia, yakasimama kwenye tofali la tatu, yakatoka. Na sasa kikao kilikuwa kimebaki siku mbili.

Fundi alichomeka shazia kwenye donge la uzi, akakunja turubai likiwa kavu, akaenda halmashauri.

Binti Vibandiko alikuwa amehamishiwa chumba chenye feni. Alifurahi kumwona, akamvutia kiti, akamuuliza habari za mafuriko kwa sauti ya msiba. Ramani ilikuwa ukutani nyuma yake, imechapishwa upya, inang'aa. Fundi alikuwa amejipanga njiani aanze kwa mbali. Maneno yakamtoka yote kwa mkupuo.

"Tuliongeza, mwanangu. Tofali moja kila nyumba. Hata mimi."

Binti aliinuka akafunga mlango.

"Fundi, usilitaje jambo hilo kwa sauti."

"Njoo uone. Tope bado bichi. La tatu, nyumba zote."

"Maji ya mwaka huu yalikuwa madogo."

"Yalikuwa yale yale."

"Tabianchi inabadilika, baba. Mwakani yanaweza kufika la tano."

"Na ng'ambo je, mwakani?"

"Ng'ambo hatuna taarifa."

Alisema hivyo bila kejeli, na hilo ndilo lililomchosha Fundi. Kisha Binti akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Takwimu zilishapelekwa kwa wafadhili. Mpango umesifiwa, miji mingine inakuja kujifunza jinsi wananchi walivyopima maji kwa matofali. Yeye Fundi alitia sahihi ya shahidi mara thelathini na nane, na kutoa taarifa za uongo katika zoezi la serikali ni kosa. Naye Binti asingependa kumwona mzee wake akipata matatizo.

"Nyumba mnaibomoa," Fundi alisema. "Nipate tatizo gani tena?"

Binti alifungua droo, akatoa karatasi ya ajenda. Kwenye kikao, alisema, mkazi anaweza kuomba marekebisho ya taarifa. Aombe mwenyewe, kwa mdomo wake, awe amehudhuria tangu mwanzo. Inapokelewa chini ya ajenda ya tisa, Mengineyo. Alikizungushia kipengele hicho wino wa kijani, akampa. Fundi akaikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati kana kwamba ni dawa.

Alirudi kwa kupitia darajani, akaenda ng'ambo. Mlinzi wa maghala alimpokea kwa furaha, akalisifu godoro, halijabonyea mpaka leo. Fundi alimwomba kitu kimoja tu: aje kikaoni aseme maji yalifika wapi chumbani mwake. Mlinzi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Mimi hapa si mkazi, Fundi. Nalala hapa, lakini si mkazi. Mkazi ni tajiri, na tajiri analala kwingine."

"Basi nionyeshe tu ukuta. Nitasema nimeuona."

Mlinzi akamwonyesha. Ukuta wa chumba chake ulikuwa mweupe kuanzia sakafuni hadi darini, bado unanukia. Waliletewa rangi jana, alisema, maji hayajakauka hata vizuri. Alificha vidole vyake nyuma, lakini Fundi alikuwa ameshaona ule weupe chini ya kucha.

Siku ya kikao alivaa koti la harusi yake. Alipotoka, mlio wa mashine ya Kinyozi ulikatika. Mama Pacha alikuwa akifagia tope kizingitini. Alisimamisha ufagio, akamtazama kuanzia viatuni hadi kwenye kola, akaendelea kufagia, lakini pale pale, mahali alipokwisha kufagia. Fundi alitembea uchochoro wote huku akisikia milango ikifungwa taratibu nyuma yake, bila kubamizwa. Alipofika barabarani aligundua kwamba alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwamba alikuwa akiyasubiri.

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa umepangwa viti mia moja na ishirini, mistari kumi ya kumi na viwili. Mlangoni kulikuwa na daftari la mahudhurio. Alijaza mstari wa kwanza. Akakaa mbele, kisha akaona ni kiherehere, akahamia mstari wa tatu.

Meza kuu walikuwa wanne, akiwemo Binti Vibandiko, ambaye alimpungia kidogo kwa vidole. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimuuliza kama wenzake wako njiani. Fundi alisema hajui, mheshimiwa. Wakasubiri. Feni zilizunguka. Katika saa nzima mlango ulifunguliwa mara moja, na aliyeingia alikuwa anatafuta ofisi ya leseni.

Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kimoyomoyo, akakifunga.

"Kanuni inataka wananchi waalikwe na wapewe nafasi," alisema. "Walialikwa. Nafasi hizi hapa." Akaonyesha viti kwa mkono wote. "Na asiyesema kitu amekubali."

Fundi alisimama. "Mheshimiwa, ng'ambo nao hawakusema kitu."

"Ng'ambo hawahusiki na ajenda hii, mzee wangu. Kaa."

Akakaa. Ajenda ya kwanza ilikuwa kufungua kikao. Ya pili ilikuwa kupokea ramani ya maeneo hatarishi, na Mwenyekiti alipouliza kama kuna pingamizi, Fundi alisimama tena akasema analo. Mwenyekiti alimkumbusha kwa upole kwamba marekebisho ya taarifa yanapokelewa chini ya Mengineyo. Kwa sasa, je, kuna pingamizi lingine? Alingoja kidogo, akivitazama viti vyote kwa zamu, kwa haki kabisa, mstari kwa mstari. Kisha akasema imepita, na katibu akaandika.

Ndipo Fundi alipolielewa jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Ili afike kwenye ya tisa, ilimbidi akae kwenye nyingine zote. Na kila moja iliyopita ilipita mbele yake, kwa mahudhurio yake, mstari wa kwanza wa daftari. Angetoka sasa hivi kingekuwa kikao cha viti vitupu, labda wangeaibika, labda wangeahirisha. Lakini akitoka, nani atasema la tofali? Aliigusa ile karatasi mfukoni. Akabaki.

Ya tatu ilipitisha umbali kutoka mtoni. Ya nne ilipitisha tarehe ya kubomoa, mwisho wa mwezi, kabla ya mvua za pili. Ya tano ilihusu miti. Ya sita ilihusu njia ya watembea kwa miguu, na hapo mtaalamu mmoja alionyesha picha kubwa ya jinsi ukanda utakavyokuwa: majani, kivuli, watu waliochorwa wakitembea, mwanamke mwembamba akikimbia na kitambaa kichwani. Fundi alikitafuta chumba chake kwa macho, akifuata pindo la mto. Hapa ni kwa Kinyozi. Hapa uchochoro. Chumba chake kilikuwa chini ya mti, kimekaliwa na mbwa mweupe aliyefungwa kamba nyekundu. Ya saba ilikuwa benchi. Wataalamu wawili walibishana kwa dakika ishirini kama ziwe za mbao au za zege, wakaelewana ziwe za zege, maana mbao haziwezi kustahimili maji.

Ya nane ikapita. Fundi akalainisha koo. Alikuwa na maneno yake tayari, ameyarudia njia nzima: toeni tofali moja kila nyumba, langu mlitoe la kwanza, na kama kuna kosa ni langu, hawa walimfuata mwenye sahihi.

Binti Vibandiko aliinama akamnong'oneza Mwenyekiti, kisha akashuka kutoka meza kuu hadi alipokuwa Fundi. Alichuchumaa kando ya kiti chake. Alisema ripoti inahitaji picha za ushiriki, na mpiga picha ana kazi nyingine mjini, anataka kuondoka. Amsaidie kidogo tu. Halafu wataingia Mengineyo moja kwa moja.

"Nifanye nini?"

"Kaa tu, baba. Atakuelekeza."

Mpiga picha alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, aliyejua kazi yake. Alimketisha mstari wa mbele, kushoto, akampiga picha kwa nyuma, kisogo na bega tu. Akamhamisha katikati, akamwomba avue koti. Akampeleka kulia, karibu na mlango, akamvisha kofia yake mwenyewe. Huko mlangoni, Fundi aliwaza, ndiko Mama Pacha angekaa, kwa ajili ya kuwatoa watoto wakilia. Alipokaa pale alijikuta amejibana upande mmoja wa kiti. Kisha mstari wa sita, mikono kifuani. Kisha wa nane, ameinama kana kwamba anaandika. Kila alipohama alivuta hewa kidogo, kwa sababu ya magoti. Mwisho kabisa akapelekwa mstari wa nyuma, kwenye kona, mahali ambapo Kinyozi angechagua ili apate kuzomea bila kuonekana.

"Safi sana, mzee. Hapo hapo," mpiga picha alisema kutoka mbali. "Sasa nyoosha mkono, kama unauliza swali."

Fundi alinyoosha mkono.

"Juu kidogo."

Akaunyoosha mpaka koti, alilokuwa amelivaa tena, likamvuta kwapani.

"Basi, tayari. Shusha."

Hakuushusha. Kule mbele Mwenyekiti aliitazama saa, akasema kwamba kwa kuwa muda umekwenda, Mengineyo yatapokelewa kwa maandishi, kisanduku kipo mapokezi. Akamshukuru kila mwananchi aliyetenga muda wake, akafunga kikao. Katibu akaandika. Wataalamu wakainuka na mikoba yao, bado wakizungumza habari za zege. Binti Vibandiko alikusanya karatasi, akazigonga mezani zilingane, akainua macho mara moja kuelekea nyuma ya ukumbi. Akazigonga tena, ingawa zilikuwa zimeshalingana, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Wahudumu wawili, wanawake watu wazima waliovaa kanzu za bluu za kazi, walianza kuondoa viti. Walianzia mbele. Waliviinua, wakavipachika kimoja juu ya kingine, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mstari ulipoondoka sakafu iliyobaki ilikuwa pana zaidi. Mkono wa Fundi ulianza kuchoka. Akaushika chini ya kiwiko kwa mkono wa pili, akauegemeza, ukabaki juu. Feni moja ikazimwa, kisha nyingine.

Wahudumu walifika mstari wa mwisho. Mmoja wao alisimama mbele yake, ameshikilia viti kumi na kimoja vilivyopachikana, mgongo umepinda kwa uzito, akasubiri kwa adabu kile cha kumi na mbili.